Doa la Khabbu

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la ofisi moja huko Braamfontein, hapa Johannesburg, nikingoja kuitwa kwenye usaili, na mama mmoja akapita akipiga deki korido kwa maji yenye jiki. Harufu ile ilinifikia kabla yake. Viganja vikaanza kunitoka jasho, nikavificha chini ya bahasha ya vyeti. Nilipoingia ndani nikaambiwa nijieleze kidogo, swali ambalo hata mtoto angelijibu, nami nikajibu kama mtu aliyekamatwa. Sijui kama nitaipata kazi ile. Jibu langu nimelirudia kichwani mara nyingi mno, mpaka sasa siwezi kutenga nilichokisema kweli na nilichokitunga baadaye nikiwa nimejilaza.

Watu wengine wakinusa jiki hukumbuka hospitali. Mimi hukumbuka suruali nyeupe ya mcheza kriketi. Nitakusimulia ilivyokuwa, nawe utaamua kama nazidisha. Nyumbani wanasema kuzidisha ndiyo shahada yangu ya kwanza, hii ya chuo ni ya pili.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Troyeville, katika chumba kimoja uani kwa Mreno mmoja mzee, na baba yangu alikuwa fundi cherehani Jeppestown, chini ya mteremko. Nikisema Jeppestown, hasa nasema kona: hatua nne kwa tatu, mkono wa kulia unapoingia katika duka la vitambaa na mablanketi la Chacha Nadim. Kabla ya kona hiyo Papa alishonea barabarani, chini ya kibaraza cha bati, mpaka siku ile askari wa jiji walipokuja na lori wakabeba cherehani pamoja na gauni la harusi la mtu lililokuwa bado na pini. Ilichukua mwaka mzima kupata cherehani ya pili. Kwa hiyo kona ile, yenye paa, ukuta na soketi ya umeme, kwetu ilitajwa katika sala ya chakula, baada ya mkate wa kila siku na kabla ya wagonjwa.

Chacha Nadim alikuwa Mpakistani wa mji wa Gujrat. Ujanani alikaa Mombasa miaka kadhaa katika duka la mjomba wake, ndiyo maana alijua Kiswahili, Kiswahili chake cha kwenda moja kwa moja bila kupinda kona. Mtaani kila mtu alimwita "mai frendi," kama wanavyoitwa Wapakistani wote wenye maduka katika jiji hili, naye aliwajibu vivyo hivyo. Papa alimwita Patron, yaani bosi, kwa desturi ya kwetu Bukavu, Kongo. Yeye alimwita Papa kwa jina la Fundi, na mimi aliniita Beti, maana yake binti kwa lugha yao. Alinifundisha nimwite Chacha, yaani baba mdogo.

Alikuwa mtu mpole. Ungeweza kumrudishia kitambaa ulichokwisha kukikata, naye angepumua tu na kukipokea. Jambo moja tu ndilo lililomkasirisha: mtu kukosea habari za Khabbu.

Khabbu kwa Kipunjabi ni mtu wa mkono wa kushoto. Jina halisi la mpigaji yule limo katika vitabu vya kriketi, wenye kujua wanalijua, lakini dukani kwetu lilikuwa halitajwi, kama vile mtu asivyomtaja mkwewe. Maisha yake niliyajua kabla sijajua jedwali la kuzidisha. Chacha aliyasimulia akipima vitambaa. Mita ya kwanza Khabbu anazaliwa. Mita ya tatu mama yake anamfunga mkono wa kushoto kwa mtandio wakati wa kula, ili azoee kula kwa kulia kama watu wenye adabu. Mteja akinunua mita sita, mtoto keshavaa jezi ya taifa.

Alijifunza kupiga katika kichochoro. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa karakana ya feni, maana Gujrat ni mji wa mafeni, na upande wa pili nyumba ya mjane mkali. Mpira wao ulikuwa wa tenisi uliozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Ukiingia kwa mjane haurudi, na aliyeupiga ametoka mchezoni na kesho ndiye anunue mwingine. Kwa hiyo Khabbu alijifunza kuupeleka mpira mbele tu, chini chini, ukipita pembeni mwa mrushaji kama panya. Baadaye magazeti yaliliandika pigo hilo kuwa ni kipaji cha kuzaliwa. Chacha aliguna. "Kipaji gani? Ile ni woga ya mama mjane."

Alikwenda Lahore kufanyiwa majaribio akiwa na viatu vya kaka yake vilivyojazwa magazeti. Mechi yake ya kwanza ya taifa alitolewa kwa mpira wa kwanza kabisa, bila mkimbio hata mmoja, na kinyozi wa Gujrat akakataa kumnyoa baba yake wiki nzima. Mechi iliyofuata akapata mikimbio mia moja na zaidi, kinyozi akamfuata mzee nyumbani na wembe wake. Katikati ya umaarufu akagombana na wakubwa wa timu, akaachwa miaka minne, akawa anauza feni na kaka yake, jioni akipigishwa mpira na watoto wa kichochoro kilekile. Kisha akaitwa tena. Hapa Chacha alikuwa akiacha kupima na kuinua mkasi juu, na wateja, wamama wa Kikongo waliokuja tu kutafuta bitambaa bya kwaya, walikuwa wakiuliza kwa hamu: "Na kisha?"

Kisha safari yake ya mwisho ilimleta hapa, Johannesburg. Mjini kwetu mpira huruka juu kuliko kwao, na warushaji wa huku walikuwa warefu na hawana huruma. Mpira mmoja ulimpiga pajani akadondosha gongo lake la kupigia. Wakamwambia atoke. Akakataa. Akapiga siku nzima kwa mguu mmoja, akiruka kama korongo, na bado timu yake ilishindwa. Chacha hakuwahi kuficha kwamba walishindwa. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mgeni jijini, akifanya kazi katika hoteli ya chakula huko Fordsburg iliyowapikia wachezaji, na kazi yake ilikuwa kubeba masufuria. Siku ya kuondoka Khabbu alikuwa akifunga mizigo huku akiuma meno. Akaiokota ile suruali sakafuni akamrushia mbeba sufuria. "Chukua. Mimi na hii tumeachana." Hakucheza tena.

Hiyo ndiyo suruali. Sote tuliijua kwa kuisikia. Alikuwa akiihifadhi nyumbani ndani ya sanduku, na sikuwahi kuiona.

Mwaka ule zikaja habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, Khabbu, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutangaza mechi redioni, alikuwa akipita Johannesburg, na amekubali kula chakula cha mchana Jumapili nyuma ya duka la Chacha Nadim, na ametuma ujumbe kwamba angependa kuiona suruali yake. Ya pili, mpwa wa Chacha, Adil, aliyekuwa amewasili miezi michache nyuma na tayari alikuwa akiongea kama mtoto wa Soweto, alikuwa ameanza kuipigia hesabu kona yetu.

"Eish, Fundi," alikuwa akimwambia Papa huku akitafuna bizari tamu, "hii kona yako ingebeba kava za simu ukuta mzima."

"Na cherehani ingebebwa na nani?" Papa aliuliza bila kuinua macho.

"Cherehani si ina magurudumu?"

"Iko na miguu, mdogo wangu. Lakini haitembei yenyewe."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nililala nikiona kava za simu, nikaamka nikiziona. Niliwaza: Chacha ni mjomba wake wa damu, Papa ni nani kwake? Inatosha kosa moja. Nikaanza kumchunga Papa asikosee, kana kwamba mtu mzima huyo aliyeshona tangu kabla sijazaliwa alikuwa akisubiri nimchunge.

Sasa elewa desturi ya Papa, maana bila hiyo utaniona mtoto mtundu, na sikuwa. Mwalimu wake wa ushonaji, Bukavu, alimfundisha kwamba nguo ikishaingia kwa fundi, doa lake ni la fundi. Hata ikiletwa kwa kifungo kimoja, itarudi imefuliwa na kupigwa pasi. Wateja wa Jeppestown walishangaa mwanzoni, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuleta nguo chafu zenye tundu dogo la kujisingizia. Dukani hapakuwa na maji, hivyo Papa alizileta nyumbani Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi kazi ya kuloweka nyeupe ilikuwa yangu. Niliipenda. Ilikuwa kazi yenye mwisho unaoonekana.

Ijumaa ile, nilipokuwa shule, Chacha alimletea Papa suruali ashone pindo lililofumuka na mshono wa kiunoni. Papa alikuja nayo imezungushiwa gazeti, akaiweka peke yake juu ya kabati. Mimi nilikuwa nimekwisha kulala. Jumamosi aliondoka mapema, Mama naye akaenda saluni kusuka watu, nikabaki na beseni langu. Nilipomaliza zilizokuwa kwenye mfuko nikaiona ile iliyo juu ya kabati. Nikaifungua. Nikajua mara moja ni ya nani. Pindo limeshonwa kwa mkono, mishono midogo kama punje za mtama. Na pajani, alama nyekundu iliyokolea, ya mviringo, kubwa kama kiganja changu.

Nilichokiona pale kilikuwa ni kosa la Papa. Amesahau doa! Kesho mgeni mkubwa anakuja, nguo ya mgeni mkubwa ina doa, na Adil yupo amesimama na kava zake. Nikamwaga jiki kuliko ilivyopimwa, nikaloweka, nikasugua mpaka vidole vikachunika. Doa lilikuwa bishi. Nililishinda. Niliitundika suruali ile uani ikiwa nyeupe kama yai lililomenywa, na ninakumbuka nilikaa chini kuitazama kwa furaha kubwa kuliko niliyoipata siku ya kuhitimu.

Mchana nikateremka na chakula cha Papa. Nilipoingia dukani Chacha alikuwa kwenye simu, akimwambia mtu kwa Kiingereza, kwa sauti iliyojaza duka: mtaiona kesho kwa macho yenu, alama ya mpira bado ipo, nyekundu kama imepigwa jana, miaka yote hii sijairuhusu iguse maji.

Niliweka bakuli juu ya meza ya kukatia. Papa aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua.

Ningeweza kusema pale pale. Nimekwisha kujiuliza swali hilo katika kila umri. Papa alikuwa hatua moja kutoka kwangu, Chacha hatua tano, na kosa lilikuwa bado bichi. Lakini Adil alikuwa amepiga magoti kwenye kona yetu na utepe wa kupimia, akipima ukuta, akiandika tarakimu kwenye kiganja chake kwa kalamu, na mimi nilimtazama nikaona lori la askari wa jiji.

Chacha alikuwa na mpira wa kriketi, wa ngozi nyekundu, aliouweka kando ya mashine ya pesa na kuuzungusha mkononi alipokuwa akifikiri. Alasiri alikwenda chumba cha nyuma kuswali na kujilaza kidogo, kama kila siku, akimwachia Papa duka bila hata kufunga droo. Papa alikuwa akihudumia mteja. Nikauchukua mpira ule nikautia ndani ya sweta. Nikachukua pia kipande cha chaki nyekundu kutoka kopo la Papa, nikipiga hesabu kwamba mpira mzee huenda hauna rangi ya kutosha. Nikapanda mlima mbio, sikungoja hata taa za roboti barabarani.

Nyumbani suruali ilikuwa imekauka, na hapo ndipo niligundua jambo baya. Sikukumbuka doa lilikuwa mguu gani.

Nilikaa chini nikafikiri. Nikiwaza sana huwa napata jibu, na mara nyingi jibu huwa zuri na lisilo sahihi. Niliwaza: Khabbu ni wa mkono wa kushoto. Anayetumia mkono wa kushoto, mguu wake wa kazi ni wa kushoto. Basi. Nikatema mate kwenye mpira kama nilivyowaona wanaume wakifanya, nikausugua kwenye paja la kushoto. Ikatoka rangi hafifu ya waridi. Nikaongeza chaki, nikaongeza mate, nikasugua kwa kidole gumba mpaka likawa doa la kuheshimika. Nikarudi mbio, nikaurudisha mpira kabla Chacha hajamaliza kuvaa viatu.

Jioni Papa alipiga pasi. Alipoifikia suruali ile aliifungua, akaitazama, pasi ikabaki juu hewani.

"Ni nani alifua hii pantalo?"

"Ni mimi, Papa."

Aliirudisha pasi mezani, akapitisha kidole kwenye doa.

"Umefua muzuri, mama." Akapiga pasi miguu yote miwili, akilizunguka doa, akaikunja.

Asubuhi ya Jumapili alisema anateremka mara moja kutafuta uzi, akarudi kabla ya ibada. Sikujiuliza ni duka gani la uzi hufunguliwa Jumapili saa moja asubuhi. Mtoto mwenye siri hufikiri juu ya siri yake tu.

Baada ya kanisa tulikwenda. Nyuma ya duka palitandikwa mazulia, pilau ya nyama imefunikwa, wanaume kama kumi na tano wameketi. Khabbu alikuwa mfupi. Hilo lilinishtua. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi, na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alikula kwa mkono wa kulia taratibu sana. Mimi nilikuwa nikigawa chai, na kikombe chake alikipokea kwa kushoto, akanikonyeza, kama mtu anayemtoroka mama yake.

Kisha akasema kwa Kiingereza, "Nadim, iko wapi ile suruali?"

Chacha akaileta juu ya mikono miwili. Akaikunjua. Watu wakasogea. Mzee mmoja mwenye duka la viatu, jirani wa Chacha, mtu wa maneno mengi, akavaa miwani, akainama, akaangua kicheko.

"Nadim! Wee Nadim! Mpira huu ulipinda kona?"

"Nini?"

"Khabbu anapiga kushoto, bwana! Anayepiga kushoto husimama na mguu wa kulia mbele. Kulia ndiko kunakopigwa. Doa lako liko kushoto! Miaka yote umetuchosha na suruali hii, kumbe ni ya mwingine!"

Kicheko kililipuka. Mmoja akasema labda ni suruali ya mwamuzi. Mwingine akasema labda ni ya mpishi, na doa ni la nyanya. Adil alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilisimama na birika, na chai ilikuwa ikimwagika taratibu kwenye zulia, sikuiona. Nikamtazama Papa. Papa alikuwa amekwisha kujiinua nusu, goti moja chini, mdomo umefunguka.

Chacha Nadim akamtangulia.

"Ni mimi," alisema. "Doa la kweli nimelifua. Niliona vumbi, nikataka iwe safi kwa mgeni, nikaifua kwa mkono wangu. Likatoka. Nikaogopa, nikapaka lingine. Hata mguu nimekosea."

Kicheko kilikatika, na kilichokuja baada yake kilikuwa kibaya zaidi. Mtu aliyewahi kumfukuza mteja dukani kwa kukosea idadi ya mikimbio alikuwa amemkosea Khabbu mguu, mbele ya Khabbu. Mzee wa viatu alitikisa kichwa. "Nadim, Nadim," alisema, kama anavyosemeshwa mtoto aliyejikojolea. Chacha alitazama chini. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Khabbu aliichukua suruali, akaiinua kwenye mwanga, akaipima kiunoni, akacheka peke yake kwa kuwa isingempita hata gotini.

"Kesho yake asubuhi, baada ya mechi ile," alisema, "miguu yote miwili ilikuwa ikiniuma. Hakuna aliyewahi kuandika habari za huu wa pili." Akaomba chai nyingine.

Jumatatu, kwa amri ya Chacha, Adil alitundika kava zake kwenye ubao wa upande wa pili wa duka. Alikuwa amenuna. Kona ikabaki yetu. Na mimi nikahitimisha, kwa akili ya miaka kumi, kwamba nimeshinda: Chacha amezeeka, amechanganyikiwa, anadhani kweli ndiye aliyefua. Nikadhani uongo wangu umetuokoa. Kwa hiyo ilinibidi niulinde. Miaka yote iliyofuata sikupita mbele ya Chacha bila kuandaa jibu. Akiniita "Beti" nilishtuka. Alipoacha kusimulia habari za Khabbu wateja wakinunua vitambaa, maana aliacha, akawa anapima kimya kimya, nilijua ni kwa sababu yangu, nikaongeza na hilo katika mzigo. Nilisoma kwa bidii mno, watu wakanisifu. Hawakujua kwamba nilikuwa nikiogopa kosa lingine.

Chacha alirudi Gujrat kwa watoto wake nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Siku ya kuaga nilimshika mkono kwa mikono miwili, nikasema safari njema. Ni hayo tu.

Siku ya usaili ule wa Braamfontein nilishuka Jeppestown moja kwa moja, nikakaa kwenye stuli kando ya cherehani. Macho ya Papa yamepungua nguvu, nikija humtungia nyuzi kwenye sindano. Nilikuwa bado nanuka korido ile. Nikamweleza yote, bila kumtazama, toka gazeti lililo juu ya kabati hadi chaki. Nilipofika kwenye chaki alianza kucheka, kwa mabega tu, kimya.

"Neema. Chaki yangu siijui?"

"Ulijua?"

"Nilipofungua tu. Jumapili asubuhi nilienda na pantalo kugonga kwa Patron. Nikamwambia, kosa limetoka kwa mkono wangu, ukitaka kona yako, tunatoka leo. Akanitazama. Akauliza: mkono mkubwa ao mkono mdogo? Nikaangalia viatu vyangu."

"Na kisha?"

"Akafungua pantalo, akaona mguu ni mubaya, akashika kichwa. Nikamwambia nitasimama mbele ya wageni niseme. Akakataa. Akasema, wale wote ni wateja wako, Fundi. Wakijua ni wewe, hakuna atakayekuletea hata kifungo. Nitasema ni mimi, mimi watanicheka tu."

Cherehani ilikuwa imesimama. Adil, ambaye siku hizi ana mvi na ndiye mwenye duka, alikuwa akibishana na mteja juu ya blanketi. Kwa hiyo Chacha alikwenda kwenye mazulia yale akijua kitakachotokea. Alikunjua suruali mbele ya mtu aliyempenda kuliko wote duniani, akingoja kuchekwa. Na kabla yake, asubuhi na mapema, Papa alikuwa ameshuka mteremko kwenda kuitoa kona yetu kwa mikono yake mwenyewe.

Nilipata hasira, sijui kwa nini. "Kwa nini hukuniambia, Papa? Miaka kumi na minne!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama niliyeuliza kwa nini jua halikunisalimia.

"Nilikuwa nakungoja, mama. Nilisema, ataniambia kesho. Ukamaliza shule ya msingi, nikasema, sasa ataniambia. Ukaenda universite. Niliona iko inakukula. Lakini kitu ya mtu, mwenyewe ndiye anaifungua."

Nimekaa na maneno hayo siku nane sasa. Kuna saa naona walinifadhili, na kuna saa naona walikosea, kwamba neno moja siku ile lingenipa utoto tofauti, na labda ningejibu usaili kama watu. Nimerekodi ujumbe wa sauti wa kumtumia Chacha mara tano, nikaufuta mara tano. Wa sita ulikuwa mfupi na mbaya, nikautuma kabla sijausikiliza. Bado hajajibu.

Nilikuwa nimezoea kujiona kama mtoto aliyeiokoa kona ya baba yake kwa ujanja. Nilijenga mengi juu ya hilo, hata woga wangu niliuona kama kazi niliyopewa. Sasa naambiwa kona iliokolewa na watu wazima wawili waliokubaliana mlangoni saa moja asubuhi, na kwamba mimi, muda wote niliokuwa nikijificha, nilikuwa nikingojwa. Kuwa mtoto aliyengojwa bado sijakuzoea. Ninajifunza, na ninajifunza vibaya. Asubuhi nikiamka, kabla sijafungua macho, bado natafuta kosa la kuficha.